Bei ya Kuondoka

Shahada ya uzamili nchini Uingereza kwa kawaida ni ya mwaka mmoja. Mkataba wa intaneti ya nyumbani unaouzwa kwa wingi nchini humo ni wa miezi 18 au 24. Mwanafunzi aliyetoka Dodoma au Eldoret akausaini mkataba huo wiki ya kwanza, ili aweze kusoma na kuonana na mama yake kwa video, amesaini pia deni ambalo bado hajaliona. Siku anayofunga virago kurudi nyumbani mkataba wake utakuwa umebakiza miezi sita, pengine 12, na ankara ya mwisho itakuja na mstari mmoja mzito kuliko mingine yote: ada ya kuvunja mkataba kabla ya muda wake.

Si wanafunzi peke yao. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano kuhusu ajira ya wahudumu wa afya, na Waafrika Mashariki wengi wanafanya kazi katika hospitali na nyumba za kulea wazee nchini humo. Muuguzi aliyeanzia mji mmoja akapata kazi bora mji mwingine, mlezi wa wazee ambaye mwajiri wake amefunga shughuli, kijana anayeishi na wenzake wanne na aliyekubali mkataba wa nyumba uandikwe kwa jina lake: hawa ni watu wanaohama. Mkataba wa miaka miwili umetungwa kwa ajili ya mtu aliyetulia mahali pamoja.

Kuna jambo jingine linalowaweka pabaya, nalo ni mazoea waliyokuja nayo. Kwetu intaneti hununuliwa kabla ya kutumiwa. Kifurushi kikiisha, kimeisha. Hata faiba ya nyumbani, Nairobi au Dar es Salaam, wengi huilipia mwezi kwa mwezi. Usipolipa laini hukatwa, na mara nyingi habari huishia hapo. Kutolipa kwetu ni njia ya kuaga. Uingereza mambo ni kinyume kabisa. Mteja anayekwenda benki na kufuta makato ya kila mwezi hajauvunja mkataba, ameanza kudaiwa. Malimbikizo yanaongezeka, kisha mkataba unakatwa na kampuni yenyewe, kisha ada ya kuuvunja inaongezwa juu ya malimbikizo, na mwisho deni linaweza kupelekwa kwa wakusanya madeni. Habari za deni hilo huandikwa katika kumbukumbu za mikopo zinazotunzwa na Experian, Equifax na TransUnion, na alama ya kushindwa kulipa hukaa humo miaka 6. Mwenye nyumba hutazama kumbukumbu hizo kabla ya kumpangisha mtu, na benki huzitazama kabla ya kumkopesha. Mtu aliyedhani ameacha tu kununua intaneti anaweza kukosa nyumba kwa sababu hiyo.

Tuitendee haki kampuni kwanza. Kuunganisha nyumba kuna gharama. Fundi anakuja, pengine anatoboa ukuta na kupitisha waya wa faiba, ruta inatolewa, na bei ya miezi ya mwanzo mara nyingi imepunguzwa ili mteja avutike. Kampuni hutegemea kuzirudisha fedha hizo kidogo kidogo katika muda wa mkataba. Mteja akiondoka mwezi wa nne, sehemu ya gharama haijarudi. Ada ikifutwa kabisa, kampuni zitadai gharama yote siku ya kwanza, na atakayeumia ni yule yule asiye na akiba. Mikataba ya mwezi mmoja mmoja ipo tayari nchini humo, na mara nyingi huja na bei ya juu zaidi au malipo ya kuunganishwa. Kwa hiyo sipingi kuwapo kwa ada. Ninachokipinga ni ada inayozidi hasara, na ada ambayo mteja hawezi kuihakiki.

Mahakama za Uingereza zimelishughulikia swali hili kwa zaidi ya karne. Mwaka 1914, katika kesi ya kampuni ya matairi ya Dunlop dhidi ya gereji ya New Garage, jopo la majaji la Bunge la Malodi, lililokuwa wakati huo mahakama ya mwisho ya rufani, lilitenganisha fidia na adhabu: kiasi kilichopangwa katika mkataba kinasimama kikiwa makadirio ya kweli ya hasara, na kinaanguka kikiwa kimewekwa ili kumtisha anayetaka kuuvunja. Karne moja hivi baadaye, mwaka 2015, Mahakama ya Juu ilikilegeza kipimo hicho. Dereva Barry Beavis alikuwa amepitiliza muda wa kuegesha gari katika maegesho ya maduka mjini Chelmsford akatozwa pauni 85. Majaji, isipokuwa mmoja, walisema anapaswa kulipa, kwa kuwa malipo yanaweza kuzidi hasara ilimradi yanalinda maslahi halali ya mwenye kuyadai na hayajapita kiasi.

Kwa mteja wa intaneti hukumu hiyo ingeacha mlango wazi sana kama asingekuwa na kinga nyingine. Kinga anazo. Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka huo huo wa 2015 inabatilisha masharti yanayomwelemea mlaji isivyo haki. Juu ya hapo kuna Ofcom, mamlaka inayodhibiti mawasiliano, ambayo masharti yake yanakataza mkataba wa awali wa mlaji kuzidi miezi 24 na yanakataza taratibu za kujitoa kugeuzwa kizuizi kwa anayetaka kuhamia kampuni nyingine.

Msimamo wa Ofcom kuhusu ukubwa wa ada unaeleweka na mtu yeyote anayejua kutoa na kujumlisha. Chukua malipo ya miezi iliyobaki. Ondoa gharama ambazo kampuni imeepuka kwa kuwa mteja hayumo tena. Punguza kidogo tena, kwa sababu kampuni inapokea leo, kwa mkupuo, fedha ambazo ingezipokea mwezi baada ya mwezi. Kinachobaki ndicho kiwango cha juu kabisa. Kampuni inaruhusiwa kudai chini ya hapo. Hairuhusiwi kupanda juu yake.

Uzito wote uko katika hatua ya pili. Kampuni nyingi zinazouza intaneti Uingereza hazimiliki nyaya zinazofika nyumbani. Sky, TalkTalk, Vodafone na nyingine hukodi laini za Openreach, tawi la kundi la BT, na kulipa kodi ya kila laini kila mwezi. Mteja akiondoka, kodi hiyo haidaiwi tena. Basi tuseme mtu analipa pauni 30 kwa mwezi na amebakiza miezi 10. Jumla ni pauni 300. Tuseme tena kampuni yake huilipia laini hiyo pauni 15 kwa mwezi: kwa kuondoka kwake imeepuka pauni 150. Ada halali haiwezi kufika pauni 300. Itakuwa chini kidogo ya 150. Namba hizi nimezitunga ili hesabu ionekane, lakini utaratibu wenyewe ndio huo. Kampuni yenye mtandao wake, kama Virgin Media, huokoa kidogo zaidi mteja anapoondoka, kwa sababu waya uko ardhini na umekwisha kulipiwa, na kwa hiyo inaweza kudai kiasi kikubwa zaidi bila kuvunja kanuni. Wateja wawili wanaolipa bei moja na waliobakiza miezi sawa wanaweza basi kudaiwa viwango tofauti kabisa, na wote wawili wakawa wametendewa kwa mujibu wa masharti. Mteja wa kawaida hana namna ya kulijua hilo. Kodi inayolipwa kwa laini yake haiandikwi kwenye ankara.

Kwamba hesabu hii huharibika mikononi mwa wenye kuipiga si dhana. Novemba 2018 Ofcom iliitoza Virgin Media faini ya pauni milioni 7. Kati ya Septemba 2016 na Agosti 2017 kampuni hiyo ilikuwa imewatoza wateja karibu 82,000 ada kubwa kupita kiasi, jumla ikikaribia pauni milioni 2.8. Ada hizo zilizidi hata zile ambazo wateja walikubaliana nazo waliposaini, na miongoni mwa walioumia walikuwamo watu waliohamia nyumba ambazo mtandao wa kampuni hiyo haukufika. Virgin Media ilikata rufaa, na mwaka 2020 baraza la rufaa za ushindani likaitupa rufaa hiyo. Siku ile ile ya Novemba 2018 Ofcom iliitoza EE faini ya zaidi ya pauni milioni 6 kwa kosa la namna hiyo katika mikataba ya simu: wateja waliokuwa na punguzo la bei walipigiwa hesabu ya kuondoka kwa bei kamili, kana kwamba punguzo halikuwahi kuwapo. Walioguswa walikuwa karibu 400,000.

Gawanya pauni milioni 2.8 kwa watu 82,000. Kila mmoja alizidishiwa pauni 34 kwa wastani. Hicho ni kiasi ambacho mtu mwenye shughuli zake, aliyekwisha kuhama na kuanza maisha mahali pengine, hulipa akanyamaza. Hakuna anayekwenda mahakamani kwa pauni 34. Bila Ofcom kufungua mafaili ya kampuni, fedha hizo zingebaki zilikokwenda, na wengi wa wale waliozilipa wangeendelea kuamini kwamba walilipa walichodaiwa kwa haki.

Lakini ukiniuliza wapi mikataba hii ilipomwonea mteja waziwazi, sitaitaja ada yenyewe kwanza. Nitataja kupanda kwa bei katikati ya mkataba. Kwa miaka kadhaa kampuni kubwa, BT ikiwamo, ziliandika kwamba kila mwaka majira ya kuchipua bei itapanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei cha Desemba iliyotangulia, kikiongezwa asilimia 3.9. Mfumuko ulipokuwa mdogo, watu hawakulizingatia sana sharti hilo. Desemba 2022 mfumuko ulifika asilimia 10.5. Mwaka 2023 ankara zikapanda kwa asilimia 14.4 nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa akilipa pauni 30 aliongezewa zaidi ya pauni 4 kila mwezi, mwaka ambao chakula na umeme navyo vilikuwa vimepanda.

Masharti ya Ofcom yanampa mteja haki ya kujitoa bila ada kampuni inapobadili mkataba kwa hasara yake. Wengi waliidai haki hiyo wakajibiwa kwamba mkataba haukubadilika: kupanda kwa bei kulikuwa kumeandikwa ndani yake tangu mwanzo. Kwa herufi ya sheria jibu lilikuwa sahihi. Kwa haki, halikuwa. Mteja alikuwa amefungwa miezi 24 kwa bei ambayo hakuna mtu, hata kampuni yenyewe, aliyeweza kuitaja siku ya kusaini, na akijaribu kuikimbia bei hiyo anatozwa ada. Mkataba unaomfunga mmoja kwa muda na kumwachia mwingine bei mkononi si makubaliano ya watu walio sawa.

Ofcom ilikiri hivyo kwa vitendo. Kwa mikataba iliyosainiwa kuanzia 17 Januari 2025 ilipiga marufuku kuifunga bei na mfumuko. Kampuni ikitaka kupandisha, iandike tangu siku ya kwanza itapandisha pauni ngapi na peni ngapi, na lini. Bei bado zinapanda, na mteja bado hawezi kujitoa bure kwa sababu ya kupanda huko. Angalau anaiona namba kabla hajasaini.

Milango ya kutoka bila ada ipo, ingawa michache. Kwa mkataba uliofanywa kwa simu au mtandaoni kuna siku 14 za kughairi, kwa kanuni za mwaka 2013, ingawa huenda mteja akatakiwa kulipia siku alizotumia. Mteja akifariki, kwa kawaida familia haidaiwi ada. Kisha kuna mlango wa kasi, ambao watu wengi hawaujui. Kampuni zilizojiunga na mwongozo wa Ofcom kuhusu kasi ya intaneti, uliofanyiwa marekebisho Machi 2019, lazima zimtajie mteja kasi ya chini kabisa anayohakikishiwa. Kasi ikishuka chini ya hapo na kampuni ikashindwa kuirekebisha ndani ya siku 30, mteja anaweza kuondoka bila kulipa ada. Anayelalamika kila siku kwamba mikutano ya video inakwama amlalamikie anayehusika: aripoti tatizo kwa maandishi, atunze tarehe, apime kasi. Lalamiko lisiloandikwa halianzishi siku hizo 30.

Kuna na milango inayofungwa bila mtu kutambua. Kampuni inampigia mteja aliyebakiza miezi miwili na kumpunguzia bei. Akikubali, mara nyingi miezi 24 mipya imeanza siku hiyo. Anahama nyumba na kubaki na kampuni ile ile. Mara nyingi hapo pia saa inarudi mwanzo. Na anayekaa kimya baada ya muda kwisha yuko huru kuondoka, lakini bei anayolipa huwa imepanda. Tangu Februari 2020 kampuni zinalazimika kumwarifu mteja kati ya siku 10 na 40 kabla ya muda wake kwisha. Arifa hiyo ni barua pepe inayofanana sana na matangazo. Isome.

Wenye kipato kidogo wana vifurushi vya bei nafuu vilivyotengwa kwa wanaopokea misaada fulani ya serikali kama Universal Credit, na vingi vyake havina ada ya kuondoka. Ni jambo jema. Ila mhamiaji mwenye viza ya kazi au ya masomo kwa kawaida amezuiliwa kupokea misaada hiyo, hata kama kipato chake ni kidogo kuliko cha jirani anayeipokea. Yeye hubakia na mkataba wa kawaida, wa miezi 24, wenye ada, na ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuhama kabla muda haujaisha.

Sasa nije kwenye ninachokitaka. Tangu 12 Septemba 2024 Uingereza ina utaratibu mmoja wa kuhama kutoka kampuni moja ya intaneti kwenda nyingine. Mteja anazungumza na kampuni mpya tu. Kampuni anayoihama hupata taarifa kwa njia ya mitambo na kumtumia mteja papo hapo maelezo ya athari za kuhama, ikiwamo ada atakayotozwa. Tafakari maana yake. Kampuni zilizokuwa zikisema hesabu ya ada ni ngumu, inategemea mambo mengi, mteja apige simu asubiri, sasa zinaitoa bila mtu kugusa karatasi.

Ikiwa namba hiyo inaweza kutolewa siku mteja anapotaka kuhama, inaweza kutolewa kila mwezi. Iandikwe kwenye ankara: ukiondoka leo, utalipa pauni hizi, mwezi ujao, hizi. Chini yake iandikwe jinsi ilivyopatikana: malipo yaliyobaki, gharama zilizoepukwa, punguzo la malipo ya mapema. Ofcom imekwisha kuonyesha, kwa kanuni ya Januari 2025, kwamba inaweza kuzilazimisha kampuni kuandika pauni na peni mahali ambapo zilizoea kuandika fomula. Kuitegemea hiari ya kampuni hakutoshi: mwaka 2024 Ofcom iliitoza BT faini ya pauni milioni 2.8 kwa kuwa wateja zaidi ya milioni moja wa kampuni zake za EE na Plusnet hawakupewa muhtasari wa mkataba na maelezo mengine ya lazima kabla ya kujiunga. Hayo ni maelezo ambayo kanuni ilikuwa tayari inayadai.

Mpaka hilo lifanyike, kazi ya kuhakiki inabaki kwa mteja. Ukifika Uingereza kwa mwaka mmoja, ulizia mkataba wa miezi 12, wa miezi 9 ambao baadhi ya kampuni huwauzia wanafunzi, au wa mwezi kwa mwezi, hata ukiwa ghali kidogo. Jumlisha ada ya kuondoka kwenye bei ya ule wa miezi 24 kabla hujaamua upi ni nafuu. Ukiishi na wenzako, usiruhusu jina lako libaki peke yake kwenye mkataba bila wao kuandika nawe jinsi ada itakavyogawanywa. Ukitaka kuondoka, usianze na benki. Iandikie kampuni, taja tarehe ya kuondoka, na udai hesabu ya ada kwa maandishi, si namba ya mwisho tu. Ukiona imehesabiwa kwa bei kamili wakati ulikuwa na punguzo, au haikuondoa chochote kwa gharama zilizoepukwa, andika malalamiko rasmi. Kampuni ikikataa kabisa, au muda wa kulishughulikia lalamiko ukipita bila suluhisho, lipeleke kwa Communications Ombudsman au CISAS. Kila kampuni inayouza intaneti kwa walaji Uingereza lazima iwe imejiunga na mpango wa usuluhishi kama huo, na mteja halipi chochote kuutumia.